Msemaji Ambaye Hakuambiwa

Kiamunyi, bila mpango

Jumamosi ile nilitoka kwa dada yangu Kiamunyi nikiwa nimevaa sandali, kwa sababu Kibet alikuwa ameniambia tunaenda hapo tu. Alikuja saa moja na nusu asubuhi na pikapu ya mjomba wake, hakuzima injini, akapiga honi mara moja kama mtu anayeogopa kusikika. Dada yangu Nyambura alitoa kichwa dirishani akauliza tunaenda wapi. Kibet akasema hapo tu. Mimi nikauliza tutarudi lini. Akasema tutaona. Kwa mtu kama mimi hayo ni majibu ya kutosha. Tangu niache shule nikiwa kidato cha pili nimeishi katika miji minane, na hakuna hata mmoja nilioufikia kwa mpango. Simu yangu niliiacha kwenye chaji.

Kitu cha kwanza kilichonichanganya ni nguo zake. Kibet ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mashati yake yote yana vitobo vya cheche. Siku hiyo alikuwa na suti ya kijivu, tai, na viatu ambavyo ungeweza kujitazama ndani yake. Nikamuuliza nani amekufa. Akarekebisha tai.

Nyinyi mlioniuliza kilichotokea wikendi ile mmeshasikia nusu ya habari kutoka kwa watu ambao hawakuwepo. Basi niwaambie hapa mwanzoni jambo ambalo mimi niliambiwa mwisho. Kibet alikuwa anaenda kuonwa na mama yake Muthoni. Muthoni ni yule msichana wa Karagita anayefanya kazi kwenye shamba la maua, na wana miaka miwili pamoja. Muda huo wote mama yake alikataa kabisa kumwona Kibet, wala hakuficha sababu. Yeye ni Mkikuyu aliyetoka Molo ule mwaka mbaya wa vita vya baada ya uchaguzi, makabila yetu yalipofukuzana, ameshika mkono wa Muthoni upande huu na sufuria moja upande ule, na Kibet ni Mkalenjin. Sasa alikuwa amekubali kumwona mara moja, kwenye pikiniki ya familia. Baada ya hapo angesema ndiyo au hapana, na habari hiyo isiguswe tena.

Na mimi naingiaje hapo? Kwetu na kwao pia, kijana hajitangazi mwenyewe mbele ya mama wa msichana. Anaenda na mtu wa kumsemea. Huyo ndiye anayesema huyu ni nani, ni mtoto wa nani, amefuata nini, na mwenyewe ananyamaza akiangalia viatu vyake. Kibet alikuwa amenichagua mimi. Alipanga kuniambia mjini tukinywa chai, halafu akapanga kuniambia Lanet, halafu Mbaruk. Kila mara alifungua mdomo, akaufunga.

Mjini, chai ya kupoa

Tuliingia hoteli moja ya Nakuru karibu na soko. Mimi nilikula mandazi manne. Kibet aliagiza chai, akaitazama mpaka ikashika utando juu, akaagiza nyingine, akaitazama pia. Kisha akaniuliza kama naogopa kuongea mbele za watu.

Nikamwambia siogopi hata kidogo. Niliwahi kuuza dawa ya panya na mende huko Njoro kwa kipaza sauti miezi minne, na watu walikuwa wanasimama kunisikiliza hata wasio na panya.

Uso wake ulifunguka kidogo. "Basi iko sawa," akasema.

Nikaelewa kwamba Kibet anataka tufungue biashara ya dawa ya panya. Suti ilikuwa ya kwenda kumwona mtu mwenye bidhaa. Nilifurahi, nikaanza kumpa mawaidha juu ya panya wa mashambani na panya wa mjini, jinsi tabia zao zinavyotofautiana, na wapi mende wanapenda kutagia. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Tukatoka, akaingia dukani, akarudi na sukari, majani ya chai, mikate sita na leso mpya ya kujitanda. Nikauliza ni za nani.

"Za watu," akasema.

Watu gani wanaouza dawa ya panya na wanataka leso, hilo sikulipata. Nililifikiria mpaka Lanet.

Mbaruk, mlango mmoja

Pale Mbaruk alikuwa amesimama mzee kando ya lami, ameegemewa na mlango. Mlango mpya wa mbao, umepigwa vanishi, na bawaba zake zikiwa kwenye karatasi mfukoni mwa koti. Alitupungia mkono. Kibet hakutaka kusimama, lakini mimi nilishapiga paa la gari kwa kofi, kwa sababu sijawahi kumwona mtu anayesafiri na mlango na nilitaka kujua.

Alikuwa anaenda Kekopey. Kesho yake wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza, na jikoni kwake pamekuwa na gunia tangu mlango wa zamani uliwe na mchwa. Mke wake alikuwa amemwambia wakwe wakiona gunia, yeye atalala nje ya hilo gunia. Tukaupandisha mlango, nikapanda nyuma naye tuushike.

Mzee akachungulia kwa kioo cha nyuma, akaona tai. "Huyo ndiye bwana harusi?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia huyo ni fundi wa vyuma, na kwamba leo sijui amepatwa na nini. Mzee akanitazama vizuri, kuanzia sandali hadi juu, akasema, "Na wewe ndiye unampeleka?"

"Yeye ndiye ananipeleka," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa pole pole. Nafikiri alikuwa mtu wa kwanza kuelewa hali ilivyokuwa, na hakuona vizuri kuniambia.

Upepo wa pale chini si mchezo. Tukikimbia kidogo, mlango unainuka kama bawa, mimi na mzee tunainuka nao. Ikabidi Kibet aende mwendo wa baiskeli. Malori yalitupita, mabasi yalitupita, mwenye punda alitupungia kwa heshima. Tulipofika Kekopey saa zilikuwa zimekwenda, na mzee hakushukia kwenye lami. Nyumba yake ilikuwa chini huko, upande wa ziwa, kwa njia ya vumbi. Tukampeleka, tukashusha mlango, mke wake akaupapasa na kutuletea uji kwenye vikombe vikubwa. Kibet alikunywa amesimama. Kibet akauliza njia ya kwenda kwenye chemchemi za maji ya moto, kulikokuwa na ile pikiniki, mzee akasema hakuna haja ya kurudi juu, njia ya ng'ombe inafika moja kwa moja.

Ndivyo tulivyompita Muthoni bila kujua. Alikuwa amesimama kwenye lami, mahali walipoahidiana kukutana, atuongoze na atutambulishe. Simu ya Kibet ilikuwa imeishiwa chaji, maana usiku wote alikuwa akimpigia Muthoni. Yangu ilikuwa Kiamunyi.

Kwenye maji ya moto

Maji yanachemka kutoka ardhini na kuteremka hadi ziwani, wanaume wanaoga huku, wanawake kule, na flamingo wamesimama mbali kama nguo zilizoanikwa. Kibet alisema ananyoosha tai, nitangulie. Nilitangulia kwa sababu nilitaka kutia kidole ndani ya yale maji nijue moto wake.

Karibu na maji walikuwa watu kama kumi na sufuria zao, wamekaa kwenye mikeka. Mwanamke mmoja mwenye kicheko akanijia. Baadaye nilijua ni Shiru, binamu yake Muthoni. Akaniuliza kama sisi ndio wageni wa kutoka Nakuru. Nikasema ndio, kwani ni kweli tulitoka Nakuru.

"Umefika time poa," akasema, na kunipa ndoo ya maji baridi. "Leo ni birthday ya Tata Njeri. Ni yule wa leso ya njano. Akimwagiwa na mgeni ataruka zaidi."

Tata ni dada wa mama au wa baba, na mnajua kwetu mtu hazeeki mwaka bila kuloweshwa. Mimi sijawahi kukataa ndoo. Nikanyata nyuma ya leso ya njano, nikamwaga yote, kuanzia kichwani, bila ubahili.

Hakuruka. Aligeuka pole pole. Nikaanza kuimba ule wimbo wa siku ya kuzaliwa. Hakuna aliyeniunga mkono. Niliimba peke yangu nikipiga makofi mpaka nikafika pale panapotajwa jina, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba sina hakika.

Kando yake mwanamke mwingine, sura ileile lakini mnene kidogo na hana leso, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Huyo ndiye aliyekuwa Tata Njeri. Upepo wa ziwani ulikuwa umemwingia dada yake, naye akamfunika na leso yake. Niliyemlowesha alikuwa Mama Muthoni.

Mama Muthoni alipangusa macho. Ni msimamizi kwenye ukumbi wa kupanga maua huko shambani, watu wazima wanamwogopa. Alinitazama.

"Kumbe ndiye wewe," akasema.

Sikuona ubaya wa neno hilo. "Ndiyo mimi, mama."

"Keti."

Kibet akafika, amebeba sukari na mikate na leso juu yake. Akaona mama amelowa, akaniona mimi nimeshika ndoo. Akasimama. Mama Muthoni akamwambia, "Na wewe ndiye dereva."

Kibet akanigeukia. Sasa najua kwamba hapo ndipo nilipotakiwa kusimama na kusema maneno yote. Nilichosema ni hiki: "Anaendesha vizuri sana, mama. Hata na mlango."

Kibet alivua koti la suti, akamwekea Mama Muthoni mabegani kwa mikono miwili bila kumgusa, akarudi nyuma. Akatumwa kuni, akaenda. Akatumwa kugeuza nyama, akageuza, tai ameitupa begani isishike moto. Mimi nilikuwa nimeketi nikihojiwa.

Mama Muthoni alitaka kujua naishi wapi. Nikamwambia kwa dada yangu, kwa sasa. Kazi? Nikasema kwa sasa napumzika, na nikamweleza habari za dawa ya panya. Shule? Kidato cha pili, muhula wa kwanza. Kanisa? Nikamwambia nimeshaingia ya kila aina, nikamlinganishia nyimbo zao. Akauliza nina mipango gani ya maisha. Nikamwambia ukweli, kwamba mipango hunifanya nikose usingizi. Kila jibu lilimfanya avute lile koti zaidi mabegani. Nilifurahi sana, maana ni nadra kukutana na mtu mzima mdadisi kama mimi. Kila nilipoinua macho niliona Kibet upande wa pili wa moshi, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua, ilhali nyama ilikuwa inaiva vizuri tu.

Chakula kilipopakuliwa, Kibet alienda kwenye gari akarudi na kibuyu kilichofungwa kwa sweta. Akakiweka mbele ya Mama Muthoni, akasimama kando. Mama akaniuliza kama ni mimi niliyekileta. Nikasema kimekuja na gari.

Akamimina kwenye kikombe. Ni mursik, yale maziwa ya kugandishwa ya kina Kibet, yenye rangi ya jivu na vidoa vyeusi vya mkaa unaosuguliwa ndani ya kibuyu. Shiru akasogeza uso nyuma akasema yameharibika hayo. Mama Muthoni alinusa, akashikilia kikombe hapo puani kwa muda mrefu kuliko mtu anavyonusa. Akanywa. Akanywa tena.

"Mkaa wa mti gani huu?" akaniuliza.

Nikasema ni makaa ya kawaida tu, ya jikoni, na labda yalidondoka humo kwa bahati mbaya.

"Ni senetwet, mama," sauti ikasema nyuma yake. "Mama yangu hatumii mti mwingine."

Alikuwa Kibet. Alikuwa amenyamaza kutoka saa sita, lakini maziwa ya mama yake yasemwe yameingiliwa na makaa ya jikoni, hapo alishindwa.

Mama Muthoni aligeuka taratibu. "Mama yako."

"Ndiyo, mama."

"Wewe si dereva."

"Hapana, mama."

"Na huyu?"

Kibet akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na rafiki. "Huyu ni msemaji wangu."

Mama Muthoni aliangalia leso ya njano, ilivyokuwa ingali inadondoka maji, kisha akaniangalia mimi.

"Amesema mengi," akasema.

Tata Njeri alianguka ubavu kwenye majani akicheka, na wengine wote wakaanguka naye. Mimi ndiye nilibaki nimeketi wima nikiuliza kila mtu msemaji wa nini, mpaka Shiru akaniinamia akanieleza kila kitu kwa pumzi moja. Nikaona aibu ikipanda kutoka kwenye sandali.

Mama Muthoni hakucheka. Alikuwa anaongea na kikombe. Alisema kule Molo kulikuwa na jirani, mama mmoja wa Kikalenjin, aliyekuwa anamletea maziwa kama haya kila Jumapili baada ya kanisa. Walipoondoka, walitoka asubuhi bila kuaga mtu. "Kibuyu chake kilikuwa kwangu," akasema. "Sikuwahi kumrudishia."

Hapo ndipo Muthoni alipofika kwa boda boda, vumbi hadi kwenye nyusi, amengoja kwenye lami kwa muda wa saa mbili hivi. Alitukuta kimya, mama yake amevaa koti la Kibet na masharubu ya maziwa. Akauliza nani amemmwagia mama maji. Kila mtu akanielekezea kidole, hata wale nisiowajua.

Kibet alijikaza akauliza kama mama ana neno. Mama Muthoni akafunga kibuyu. Akasema neno lake halisemei porini.

Gilgil hadi Naivasha, nyuma ya pikapu

Familia walirudi na gari lao la kukodi. Mama Muthoni akasema yeye atapanda na Kibet, mbele, wawili tu. Muthoni hakuruhusiwa. Mimi nikawekwa nyuma na sufuria.

Kwa hiyo kutoka Gilgil hadi Naivasha niliona kila kitu na sikusikia chochote. Kupitia kile kioo niliona Mama Muthoni akiongea na mkono wake ukikata hewa. Niliona shingo ya Kibet ikiinama. Pundamilia walikuwa wanakula nyasi kando ya barabara na sikuwatazama, nilikuwa nasoma masikio ya Kibet kama yana rangi gani. Karibu na mji akacheka, au alilia, kwa nyuma huwezi kujua. Naivasha walisimama, Mama akashuka, akanunua samaki wawili wa kukaanga, akanipitishia mmoja juu ya bodi bila kuniangalia. Nilimla na miiba yake nikijaribu kujua maana yake. Samaki anaweza kuwa msamaha. Anaweza pia kuwa chakula cha njiani kwa mtu anayefukuzwa.

Karagita

Sikuwa nimewahi kufika Karagita. Ni vyumba vya kupanga, mistari na mistari, na kamba za nguo katikati, na jua likishuka watu wanatoka mashambani kwa miguu, mamia, wanazungumza wote pamoja. Mama Muthoni alishuka mlangoni kwake, akaingia na kibuyu, akafunga. Hakusema karibuni wala kwaherini. Muthoni akatoka kidogo, akachukua simu ya Kibet kwenda kuichaji, akasema kwa sauti ya chini kwamba mama amekaa tu, tungoje.

Kibet hakuweza kungoja amesimama. Tukaenda kutafuta pa kulala. Ploti ya kwanza ya vyumba hivyo, hakuna nafasi. Ya pili palikuwa na chumba kitupu, lakini mtunzaji, mama mmoja mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, alisema hapa si lojing, na hata kama ingekuwa, hawezi kulaza wanaume wawili asiowajua, mmoja ana tai na mwingine ananuka samaki. Akatuuliza ni wageni wa nani.

Kibet akanigeukia, kwa mazoea. Nikafungua mdomo. Sikujua sisi ni wageni wa nani. Kusema ni wa Mama Muthoni kungekuwa kujisifu, kama neno lake lingekuwa hapana.

"Ni wangu," mtu akasema.

Mama Muthoni alikuwa amesimama mlangoni mwa ploti, amevaa nguo kavu, ana blanketi mkononi, na nyuma yake Muthoni amejitwika godoro. Mtunzaji akatafuta ufunguo haraka. Godoro likaingizwa. Mama Muthoni akampa Kibet blanketi, akampa na koti lake, limekunjwa vizuri.

"Kibuyu cha mama yako," akaanza.

"Ndiyo, mama." Kibet akanyoosha mikono akipokee.

"Hakirudi na wewe. Hiki kinabaki kwangu. Mwambie akikitaka aje akichukue mwenyewe. Na asije peke yake."

Akaenda zake. Muthoni alimrudishia Kibet simu, akamfuata mama yake mbio, na hata kwa mgongo niliona anacheka.

Kibet aliketi kwenye godoro, rangi imemtoka. Akasema kila kitu kimeharibika, mama amekasirika hadi amezuia kibuyu, na kibuyu hicho nyanya yake ndiye aliyempa mama yake.

Siku nzima nilikuwa mtu wa mwisho kuelewa. Hili lilinijia lote kwa pamoja. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia hivi: mtu akitaka kukufukuza anakurudishia vyombo vyako vyote, usipate sababu ya kurudi. Huyu amebaki na kimoja, na amesema kinachohitajika kukikomboa. Mama yako aje, na asije peke yake, yaani aje na baba yako na wajomba na wazee. Amewaita waje kuongea. Amesema ndiyo, Kibet. Amelisema kwa njia yake tu.

Alinifanya nirudie mara tatu. Mara ya tatu akasimama, akaketi, akasimama, akabonyeza namba ya mama yake. Nilisikia ikiita. Ilipopokelewa alifungua mdomo, akaufunga, akaninyooshea simu.

"Sema wewe," akasema.

Nikafuta mkono wenye samaki kwenye suruali, nikaipokea. Sauti ya mama mtu mzima ilikuwa inasema halo, halo, ni nani. Nikavua sandali, sijui kwa nini. Nikasimama wima katikati ya kile chumba kitupu, nikamsalimu, nikaanza na jina la kijana wake, ni mtoto wa nani, na leo amefuata nini.